Bingwa wa Ubongo na Wagonjwa Asiowaona

Tiba ya ubongo na mishipa ya fahamu ni tawi la udaktari linaloshughulikia maradhi ya ubongo, ya uti wa mgongo, ya mishipa ya fahamu inayosambaa kutoka humo hadi ncha za vidole, na ya misuli inayopokea amri za mishipa hiyo. Daktari aliyebobea katika tawi hili huitwa bingwa wa niurolojia, naye hutibu kwa dawa na ushauri. Ni tofauti na bingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, ambaye kazi yake kuu hufanyika katika chumba cha upasuaji, na ni tofauti pia na bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye hushughulikia maradhi ya hisia, fikra na mwenendo. Katika Afrika Mashariki mipaka ya fani hizi tatu imefifia kwa sababu ya uhaba wa wataalamu, kiasi kwamba katika hospitali nyingi za wilaya nchini Tanzania mgonjwa wa kifafa huchukua dawa zake katika kliniki ya afya ya akili, ilhali kifafa ni ugonjwa wa ubongo na si wazimu.

Ukubwa wa tatizo lenyewe hauna ubishi. Tathmini ya mzigo wa maradhi duniani iliyochapishwa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.4, yaani asilimia 43 ya wanadamu wote, walikuwa na hali fulani inayogusa mfumo wa fahamu, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo na madhara yatokanayo na hali hizo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa upande wa wataalamu, atlasi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba nchi ya kawaida miongoni mwa zile za kipato cha chini ina mabingwa wa niurolojia ya watu wazima 0.03 kwa kila watu 100,000, wakati nchi ya kawaida miongoni mwa zile za kipato cha juu ina 4.75. Kwa hesabu iliyo rahisi kushika, watu milioni 10 wa upande mmoja hugawana mabingwa 3, na idadi hiyohiyo ya watu upande wa pili huhudumiwa na mabingwa 475.

Pengo la namna hii haliwezi kuzibwa kwa kizazi kimoja, hata kama kila chuo kikuu cha tiba kingeanza leo kusomesha mabingwa kwa uwezo wake wote. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza wapatikane mabingwa wangapi, ni lazima kuulizwe pia bingwa aliyepo, mmoja kati ya mamilioni, afanye kazi ipi ili elimu yake ifike mbali kuliko mikono yake. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba thamani ya bingwa wa ubongo katika nchi zetu ipimwe kwanza kwa hali ya wagonjwa ambao hatawaona kamwe: wale wanaohudumiwa na tabibu wa kituo cha afya, na muuguzi wa zahanati, na mama anayemlea mtoto mwenye kifafa kijijini.

Kutafuta mahali pa ugonjwa

Upekee wa niurolojia ni kwamba kabla ya kuuliza mgonjwa ana nini, daktari huuliza kwanza ugonjwa uko wapi. Msingi wa swali hilo uliwekwa hatua kwa hatua: Thomas Willis wa Uingereza alichapisha mwaka 1664 kitabu kikubwa cha maumbile ya ubongo, na mwaka 1861 Paul Broca wa Ufaransa akaonyesha kwamba uwezo wa kutamka maneno hupotea pale sehemu mahususi ya ubongo inapoharibika. Baadaye Jean-Martin Charcot, aliyepewa mwaka 1882 kiti cha uprofesa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu mjini Paris, aliwafundisha wanafunzi wake kulinganisha kwa makini dalili za mgonjwa aliye hai na uharibifu ulioonekana katika ubongo na uti wa mgongo baada ya kifo. Mwanafunzi wake Joseph Babinski alieleza mwaka 1896 kipimo ambacho hadi leo hakigharimu chochote: unyayo ukikwaruzwa kutoka kisiginoni kuelekea vidoleni, kidole gumba cha mtu mzima mwenye afya hukunjika kwenda chini, lakini kikiinuka juu huwa ni dalili kwamba njia ya amri itokayo ubongoni kupitia uti wa mgongo imeharibika.

Manufaa ya mantiki hii huonekana waziwazi kwa mgonjwa aliyeletwa hospitalini akiwa amepooza. Aliyepinda mdomo na kupoteza nguvu za mkono na mguu wa upande mmoja, kwa kawaida ana tatizo katika nusu ya ubongo iliyo upande wa pili. Aliyelegea miguu yote miwili huku mikono ikiwa na nguvu zake kamili, na ambaye hisia ya kuguswa inapotea kuanzia kitovuni kwenda chini, ana tatizo katika uti wa mgongo, usawa wa kifua. Aliyeanza kwa ganzi ya nyayo na kisha vidole vya mikono, pande zote mbili kwa ulinganifu, huenda mishipa yake ya pembeni imeathiriwa na kisukari, upungufu wa vitamini au virusi vya UKIMWI. Mgonjwa wa pili akipelekwa kupigwa picha ya kichwa, familia itauza mbuzi kulipia picha isiyoonyesha chochote, wakati kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinatibika kwa dawa zinazotolewa bure, kinaendelea kumla pingili.

Hapa ndipo linapoonekana kosa la dhana iliyoenea kwamba tiba ya ubongo ni suala la mashine tu. Tangu mgonjwa wa kwanza apigwe picha ya CT jijini London mwaka 1971 kwa mtambo uliobuniwa na Godfrey Hounsfield, na baadaye picha za MRI zilipopatikana, uwezo wa kuona ndani ya fuvu umekua mno, na hakuna anayeweza kuudharau. Hata hivyo mtambo hujibu tu lile uliloulizwa, na ujuzi wa kuuliza vizuri unaweza kufundishwa kwa tabibu yeyote mwenye nyundo ndogo ya mpira, pamba, tochi na subira.

Kifafa: dawa ipo, mgonjwa hana

Ugonjwa unaodhihirisha hoja hii kuliko mwingine wowote ni kifafa, yaani mwelekeo wa kudumu wa ubongo kutoa mikupuo ya umeme isiyo na mpangilio, ambayo humwangusha mtu, humkakamaza na kumtikisa, au humfanya atumbue macho na kupotewa na fahamu kwa muda mfupi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, kwamba karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Licha ya hayo, katika nchi za kipato cha chini takribani robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba wanayoihitaji. Dawa ya fenobabitoni, ambayo uwezo wake wa kuzuia kifafa uligunduliwa na Alfred Hauptmann mwaka 1912, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, kwa hiyo kisingizio cha gharama ya dawa yenyewe hakina mashiko.

Kinachokosekana ni mnyororo mzima wa kumfikisha mgonjwa kwenye dawa na kumdumisha humo. Utambuzi wa kifafa hutegemea zaidi maelezo ya aliyeshuhudia kuliko kipimo chochote: mtu alianza kutikisika mkono mmoja au mwili mzima, macho yalikuwa wazi au yamefumba, alijiuma ulimi au kujikojolea, ilichukua muda gani, na baada ya hapo alilala au alizinduka mara moja. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho Hans Berger wa Ujerumani alichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1929, husaidia kubainisha aina ya kifafa, lakini kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye kifafa cha kweli kikifanywa wakati ubongo umetulia. Baada ya utambuzi huja kazi ngumu zaidi ya kuhakikisha dawa haikatiki, kwa kuwa mgonjwa aliyezoea fenobabitoni akiikosa ghafla kwa sababu imeisha zahanati anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, hali inayoweza kumuua.

Juu ya hayo yote kuna mzigo wa imani. Katika sehemu nyingi za Tanzania bado inaaminika kwamba kifafa huambukiza kupitia mate au povu la mgonjwa, au kwamba ni kazi ya mapepo na uchawi, na matokeo yake ni kwamba anayeangukia jikoni motoni huachwa aungue kwa sababu waliopo wanaogopa kumgusa. Makovu ya moto kwenye uso na mikono ya wagonjwa wa vijijini ni ushahidi wa woga huo, na hayasababishwi na kifafa chenyewe peke yake. Mtu aliyeanguka anatakiwa aondolewe penye moto, maji au vitu vyenye ncha, alazwe ubavu, alegezewe nguo shingoni, na asitiwe kijiko wala kitu kingine chochote mdomoni. Elimu hiyo haihitaji bingwa aitoe, ila inahitaji bingwa aisimamie na kuipa uzito wa sayansi ili isikike.

Mahenge, katika wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, ni mahali ambapo jambo hili lilidhihirika mapema. Huko ndiko daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanzisha kliniki ya kifafa wakati Tanganyika ikikaribia kupata uhuru, akiwatibu kwa fenobabitoni watu waliokuwa wametengwa na jamii zao, na kliniki hiyo ikaendelea kwa mikono ya wenyeji hata baada ya yeye kuondoka. Daktari mmoja, dawa moja na wauguzi waliofundishwa vilitosha kubadili maisha ya watu wengi katika eneo ambalo halikuwa na kipimo hata kimoja cha ubongo.

Kiharusi na thamani ya dakika

Kiharusi ni hali ambapo sehemu ya ubongo hukosa damu ghafla, ama kwa sababu mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama kwa sababu mshipa umepasuka na kuvuja. Imekadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba ubongo hupoteza wastani wa seli za fahamu milioni 1.9 kila dakika. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam, ulipata viwango vya kiharusi kipya, baada ya kusawazishwa kwa umri, vya watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai na 315.9 jijini Dar es Salaam. Kiwango cha Dar es Salaam kilizidi vile vilivyoripotiwa katika nchi nyingi tajiri, na kikaondoa kabisa dhana kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu au wa wenye fedha.

Tiba ya kisasa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja, kwa kuwa dawa hiyo akipewa aliyepasuka mshipa itamwangamiza. Kwa mgonjwa aliye mbali na mji mkubwa, ambaye jamaa zake pengine wameanza kwa kumpeleka kwa mganga wakidhani amepigwa na upepo mbaya, saa hizo huisha kabla gari halijapatikana. Hapana budi huduma hiyo ijengwe mijini kwa kasi, lakini kuitazama kama jibu kuu ni kujidanganya.

Jibu kubwa zaidi liko kabla na baada ya tukio. Kabla yake, shinikizo la juu la damu, ambalo ndilo chanzo kikuu cha kiharusi, hupimwa kwa kifaa cha kufunga mkononi na kudhibitiwa kwa vidonge vya kawaida, ilimradi mtu apimwe angali mzima na aelewe kwamba vidonge havikomi pale anapojisikia vizuri. Baada yake, utafiti wa nchi nyingi umethibitisha kwamba wodi maalumu ya kiharusi yenye timu iliyofundishwa hupunguza vifo na ulemavu, hata bila dawa za kuyeyusha damu. Muuguzi wa wodi kama hiyo hampi mgonjwa uji kabla ya kumjaribu kwa vijiko vichache vya maji akiwa ameketi wima, akitazama kama atakohoa au sauti yake itabadilika, kwa sababu chakula kinachopita njia ya hewa huleta nimonia, ambayo huua wengi walionusurika na kiharusi chenyewe. Bingwa anayeandika utaratibu huo na kuufundisha anaokoa watu usiku akiwa amelala nyumbani kwake.

Uchunguzi wa vyanzo

Mchango mwingine wa wataalamu wa ubongo katika eneo hili ni kugundua vyanzo vya maradhi ambayo kinga yake iko nje kabisa ya hospitali. Mfano mzuri ni konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla na kwa kudumu, ulioelezwa kitaalamu nchini Kongo mwaka 1938. Mlipuko wake wa mwaka 1985 wilayani Tarime ulichunguzwa na timu iliyomjumuisha William Howlett, bingwa wa niurolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya KCMC, Moshi, ambaye baadaye aliandika kitabu cha kiada cha niurolojia ya Afrika kinachotolewa bure. Konzo huwapata watu wanaoishi kwa mhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, hasa wakati wa ukame, ambapo njaa huwalazimisha kufupisha siku za kuuloweka na kuuanika, na lishe yao haina protini ya kutosha ya kuusaidia mwili kuondoa sumu ya sianidi. Miguu iliyokwisha kupooza hairudi, na kwa hiyo kinga pekee ni mhogo ulioandaliwa vizuri na chakula mchanganyiko.

Mfano wa pili unarudi Mahenge. Miongoni mwa wagonjwa wake, Jilek-Aall aliwaona watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kwa kukiinamisha tena na tena kabla ya kupata kifafa kamili, na miongo kadhaa baadaye hali hiyohiyo ikaonekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, hasa Kitgum na Pader. Uchunguzi umeihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, ingawa namna hasa minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa. Kaskazini mwa Uganda, baada ya mito kunyunyiziwa dawa kuanzia mwaka 2012 na kingatiba ya ivermectin kutolewa mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya waliacha kujitokeza. Katika eneo la Mbulu nako, tafiti zilizofanywa na wataalamu wa ubongo wakishirikiana na Hospitali ya Haydom zimehusisha sehemu ya kifafa cha watu wazima na mayai ya tegu wa nguruwe, yanayoingia mwilini kwa uchafu wa mikono, maji na mboga, jambo linalozuilika kwa choo bora na kwa kuwafungia nguruwe bandani.

Malaria kali inayoshambulia ubongo, ambayo hujitokeza kwa degedege na kupoteza fahamu, nayo imechunguzwa kwa kina huko Kilifi katika pwani ya Kenya, ambako wataalamu wameonyesha kwamba sehemu ya watoto wanaopona hubaki na kifafa au matatizo ya lugha na kujifunza. Mjini Blantyre, Malawi, timu ya Terrie Taylor ilitumia MRI kuonyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, kwamba watoto 21 kati ya 25 waliofariki walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Hapo mashine ilitumiwa kutafuta jibu litakalowafaa hata watoto ambao hawataiona.

Vichwa vikubwa na mgongo wazi

Katika upasuaji, swali hilohilo huja kwa sura nyingine. Mtoto mwenye kichwa kikubwa ni yule ambaye maji ya ubongo hujikusanya kwa kukosa njia ya kutoka. Tiba iliyozoeleka ni kumwekea mrija unaoyapeleka maji hayo tumboni, lakini mrija ukiziba au ukipata maambukizi, mtoto anayeishi mbali na hospitali yuko hatarini. Benjamin Warf, daktari wa Marekani aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, alibaini kwamba wengi wa watoto aliowapokea walikuwa wameugua kutokana na maambukizi ya ubongo mapema baada ya kuzaliwa, naye akaendeleza njia ya kufungua mkondo mpya ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba na kuchoma sehemu inayotengeneza maji. Jaribio lililofanyika Mbale na kuchapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba, miezi 12 baadaye, maendeleo ya akili ya watoto wa njia hii hayakutofautiana kwa kiwango cha maana na ya waliowekewa mrija. Ugunduzi uliozaliwa na shida za Afrika Mashariki umekuwa somo kwa madaktari wa dunia nzima.

Mgongo wazi, yaani uti wa mgongo wa mtoto kushindwa kufunikwa tumboni mwa mama, husisitiza zaidi umuhimu wa kinga. Kufungika huko hukamilika takribani siku ya 28 ya mimba, wakati wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito, na tangu mwaka 1991 imethibitishwa kwamba asidi ya foliki inayotumiwa kabla ya kushika mimba huzuia sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kiwanda kinachoongeza kirutubisho hicho katika unga kinafanya kazi ambayo daktari wa upasuaji hawezi kuifanya kwa kisu, na sauti ya mpasuaji inayodai unga huo uongezwe virutubisho ni sehemu halali ya kazi yake.

Mafunzo na kipimo cha kazi

Kuna wanaosema kwamba kumfundisha asiye bingwa kazi ya bingwa ni kumpa maskini tiba ya daraja la chini. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa tabibu aliyeachwa peke yake bila msimamizi hurudia makosa yake kwa miaka. Dilan Ellegala, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alipoanza mwaka 2006 huko Haydom, mkoani Manyara, kumfundisha daktari msaidizi wa hospitali hiyo upasuaji wa ubongo, suala lililozua mjadala lilikuwa hilo la ubora na usalama. Lakini upande wa pili wa mizani haukuwa na mpasuaji bora aliyekuwa akisubiri mlangoni, bali kifo cha mgonjwa njiani kuelekea mji mkubwa. Kwa hiyo kugawana kazi kunafaa pale tu kunapoambatana na usimamizi, na usimamizi hauwezekani bila mabingwa waliosomeshwa nyumbani, kama Ethiopia ilivyofanya kwa kuanzisha mafunzo ya niurolojia Addis Ababa mwaka 2006 na Zambia mwaka 2018.

Ndiyo maana kubishana kama serikali isomeshe mabingwa au iimarishe zahanati ni kupoteza muda. Zahanati isiyo na bingwa nyuma yake huchanganya kifafa na pepo, na bingwa asiye na zahanati mbele yake huishia kutibu walio na nauli na bima. Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 2022 mpango wa kimataifa wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu unaofika hadi mwaka 2031, na utekelezaji wake katika nchi zetu unapaswa kupimwa kwa mambo yanayohesabika: fenobabitoni haikukatika zahanati kwa mwaka mzima, tabibu wa wilaya ana namba ya simu ya bingwa inayopokewa, wauguzi wanajua kumjaribu mgonjwa wa kiharusi kabla ya kumlisha, mito yenye inzi wa usubi imetibiwa, na unga unaouzwa dukani una asidi ya foliki. Wizara inayomwajiri bingwa wa ubongo inapaswa kumtengea siku za wilayani, saa za kufundisha na usafiri wa kumfikisha huko, na kuzihesabu kuwa kazi yake sawa na saa za kliniki, kwa kuwa humo ndimo elimu yake huwafikia wengi.